Zambarau Isiyotaka Kuwa Njano

Ambondrona, Nosy Be. Jumapili, 3 Septemba 2006

Hili sijamwambia mtu yeyote. Majani ya Koko nimeyaharibu mimi.

Koko Mariamou ni bibi yangu, mzaa mama. Majani yake ya chai huyakausha darini, kivulini, siku tisa, na kila siku huyageuza kwa mkono, taratibu, kama anayemgeuza mtoto mchanga. Mwezi uliopita alishikwa na mgongo. Akaniachia mimi. Siku ya pili nikachoka. Dari ina joto, ina buibui, na mimi nilikuwa nangoja matokeo ya mtihani wa kumaliza shule. Nikayabeba yote nikayatandaza juu ya bati, juani. Kufika adhuhuri yakawa makavu, yanavunjika kama biskuti! Nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima. Nikayarudisha darini. Siku zilizobaki nikasinzia kando yake.

Yalikuwa yamepauka. Kijani kimetoka, kimebaki kitu kama rangi ya mkeka wa zamani. Koko hakusema neno. Nilikwenda mjini Hell-Ville kutazama matokeo (nimefaulu, kwa shida), nikakaa huko na wenzangu siku kumi, na niliporudi nikakuta ameshasaga na kufunga mifuko.

Leo amekuja Tadjiddine, yule mfanyabiashara anayepeleka chai ya Koko kwenye mahoteli. Anasema mahoteli sasa wanataka karatasi ya maabara kila msimu. Mwaka jana alikwenda mwenyewe Mahajanga, chai ikapimwa, ikapata themanini na nne kwa mia. Mwaka huu lazima ipimwe tena, ionekane nguvu yake haijaanguka. Chini ya sabini, hachukui hata kijiko.

Koko alitoka Mahajanga mwaka 1977, Wakomoro walipouawa na kufukuzwa kule, na kifurushi kimoja. Hasemi habari zake na sisi hatuulizi. Hajarudi tangu hapo. Alichoanza nacho hapa ni majani haya. Hana kingine. Akanitazama akasema: wewe umesoma, unajua Kifaransa, utakwenda wewe.

Mimi! Mimi ambaye nikiulizwa saa ngapi natoka jasho!

Nikaitikia kwa kichwa. Sisemi kitu kamwe. Nasema humu tu, tena kwa Kiswahili alichonifundisha marehemu babu aliyekuwa baharia, ili binamu yangu Rabiata akiliiba daftari asielewe.

Na Rabiata ndiye anafanya kazi kwenye maabara hiyo. Basi.


Ampisikina, Mahajanga. Jumanne, 5 Septemba

Nimefika kwa Mama Sittou, dada yake mama. Nimebeba mifuko miwili, kilo moja kila mmoja. Miguu imevimba. Mama Sittou akanikumbatia, akanilisha, akaniuliza nitaolewa lini. Nikala haraka nipate sababu ya kutojibu.

Jioni akaja Rabiata. Amevaa koti jeupe. Mtaani! Maabara iko upande wa pili wa mji, koti la nini huku? Ana miezi minne kunizidi na ananiita mdogo wangu. Mdogo wangu umekonda. Mdogo wangu bado unaogopa watu? Mdogo wangu usiwe na wasiwasi, kesho nitakushika mkono.

Nina miaka kumi na minane. Mkono wangu naujua mwenyewe.


Jumatano, 6 Septemba

Maabara. Mkubwa wake ni mzee mmoja anaitwa Zoubeir. Kila mtu anamwita Fundi, kama tunavyowaita walimu. Ana sauti ndogo na anasugua glasi mwenyewe. Nilitaka kumchukia nikashindwa, jambo lililonikasirisha zaidi.

Ilibidi nijaze fomu. Jina la mmea. Koko alinikataza kulitaja, kwa sababu siri ya majani yake haiandikwi. Nikaandika: majani. Fundi akauliza majani ya nini. Nikasema ya chai. Akauliza chai ya nini. Nikasema ya majani. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwamba mchanganyiko ni siri ya familia, na fomu ikae kwenye bahasha iliyofungwa. Kumbe wana bahasha za namna hiyo.

Kisha Rabiata akanieleza kipimo, kwa sauti ya kuhutubia bunge. Ndani ya majani kuna vitu vinaitwa antioksidanti. Vikiwa vingi, chai ina nguvu. Macho hayavioni, ndiyo maana kuna ile dawa ya zambarau. Unatia matone ya chai kwenye zambarau. Chai yenye nguvu inaifuta zambarau, inabaki njano. Chai dhaifu, zambarau inakaa palepale. Mashine inasoma rangi iliyobaki na kutoa namba. Halafu namba ya msimu huu inalinganishwa na ya msimu uliopita, mnunuzi ajue anapewa kitu kilekile. Alikuwa bado anaeleza nilipoacha kusikiliza. Nilikuwa natazama kucha zake. Amepaka rangi. Maabarani!

Akapendekeza kwa Fundi kwamba, wakati nangoja, nisaidie kuosha glasi. Kwa wema wake. Mimi binti wa ukoo ule ule, niko kwenye sinki, yeye yuko kwenye mashine!

Lakini sinki lina faida. Rabiata alipotoka kupiga simu nikachota chai ya Koko iliyobaki kwenye birika la majaribio, nikatia matone matatu kwenye tone la zambarau. Nikahesabu mpaka sitini. Zambarau. Nikahesabu tena mpaka sitini. Zambarau! Zambarau kama joho la askofu!

Nikamwaga yote nikaosha glasi mara sita.

Basi ndiyo hivyo. Jua la bati limeua kila kitu. Chai ya Koko ni maji ya nyasi, na aliyeiua ni mimi, na kipimo chenyewe ni Ijumaa.


Alhamisi, 7 Septemba

Nina mpango.

Rabiata mwenyewe alitamba jana kwamba vitamini C inafuta zambarau mara moja, ndiyo wanayotumia kuhakikisha kipimo kinafanya kazi. Asante sana, dada wa koti.

Nikaenda duka la dawa. Nikanong'ona. Muuzaji akauliza nini? Nikanong'ona tena. Akauliza kwa sauti mbele ya watu kama nataka dawa ya mimba. Ningekufa pale pale! Nikaonyesha kwa kidole mrija wa vidonge vya vitamini C rafuni. Akanipa, watu wakacheka. Nimeliandika jina la duka lile moyoni.

Nimevitwanga vidonge vyote kwenye kinu cha Mama Sittou. Unga mzuri, rangi ya chungwa kidogo. Mchana, Rabiata akiwa anakula, nikafungua mfuko wa Koko ulioko mezani maabarani, nikachanganya, nikakoroga, nikafunga kama ulivyokuwa.

Natabasamu peke yangu. Koko atapata karatasi yake na hakuna atakayejua.


Ijumaa, 8 Septemba

Vilikuwa vidonge vya povu.

Viliandikwa. Kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, kwenye mrija. Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya kutoka dukani.

Fundi akapima kijiko cha majani, akamwagia maji ya moto. Chai ikasema shhhh. Ikapanda. Ikapita ukingo, ikateremka mezani, ikalowesha daftari la Rabiata kurasa tatu. Chumba kizima kikanuka machungwa.

Fundi akauliza kwa upole kama Koko hutia chungwa. Nikatikisa kichwa kukataa. Kisha nikakubali. Kisha nikakataa. Akasema mfuko huu umeingiliwa na kitu, hawezi kuupima, na aliyefanya hivyo hamtaji. Akauliza kama nina mwingine. Nikasema upo nyumbani. Akasema ulete Jumatatu.

Rabiata hakusema kitu mbele yake. Alingoja koridoni. Akawaambia wenzake kwamba chai ya Koko Mariamou inajichemsha yenyewe, mkiwa hamna mkaa nunueni hiyo. Mpaka saa sita mlinzi wa getini naye ananiuliza kama inaoka na mkate.

Nimefura. Nimefura mpaka masikio yanawaka. Wangenicheka mimi, nisingejali. Wanamcheka Koko! Wanamcheka mwanamke ambaye wote wawili, mimi na Rabiata, tulinyweshwa chai yake tulipougua ukambi!

Povu ni kosa langu, sawa. Lakini kucheka ni kosa lao.


Jumamosi, 9 Septemba

Mpango wa pili. Huu hauna povu.

Jikoni kwa Mama Sittou kuna kopo la chai ya Koko ya mwaka jana. Limefika nusu. Ya mwaka jana ilipata themanini na nne! Basi kwa nini nihangaike na vidonge? Alipokwenda sokoni nikaimwaga ya mwaka jana kwenye mfuko wa pili, na hii mpya iliyokufa nikaijaza koponi. Inayobaki nikaificha ndani ya mto wangu. Nikashona mfuko kwa uzi ule ule, mishono ile ile. Mshono wangu ni mzuri. Hilo hata Rabiata hana.

Hakuna aliyeibiwa. Mama Sittou hana ulimi wa kutofautisha.

Jioni Koko akapiga kwa simu ya Tadjiddine. Nikamwambia mtihani umesogezwa, ni Jumatatu. Akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna. Akauliza tena: hakuna? Nikasema mtandao mbaya nikakata.


Jumapili, 10 Septemba

Kisomo cha Shaabani hapa nyumbani. Wanawake ishirini na tano, na mimi nimebeba sinia. Bi Kouraichia wa nyumba ya pili aliniuliza nitaolewa lini, mara mbili, kana kwamba nimebadilisha mawazo kati ya chai na maandazi.

Mama Sittou akapika chai kutoka lile kopo. Wakaimaliza yote. Kopo likabaki tupu. Akaona mto wangu umenenepa, akapapasa, akacheka, akasema kumbe mtoto anatuwekea akiba, akaipika na hiyo! Wakaisifu mpaka aibu. Eti haijawahi kuwa kali hivi. Bi Kouraichia akanywa vikombe vinne, akasema kifua kimefunguka.

Wanafiki! Wanakunywa nyasi za bati na kusema kifua kimefunguka. Adabu za wageni hizo, basi.


Jumatatu, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nataka kumpiga mtu na hakuna wa kumpiga isipokuwa Mama Sittou, ambaye hapigiki.

Asubuhi alinikabidhi mfuko mwenyewe, uso umeng'aa. Mfuko ulikuwa na unyevu kidogo. Nikadhani umekaa karibu na mtungi.

Fundi akaufungua. Chumba kikanuka maji ya waridi. Akatia majani kwenye maji, na maji yakawa manjano, manjano kama kiini cha yai, kabla hata hayajaiona zambarau. Mashine haikujua isome nini. Rabiata akanusa, akachovya ncha ya karatasi, akasema kwa ushindi: zafarani! Fundi akaniuliza kama Koko hutia zafarani. Kwenye fomu ya bahasha hakuna zafarani, kuna majani tu. Dawa yenye kitu ambacho hakikuandikwa ni dawa iliyoghushiwa, na ya namna hiyo hupigwa marufuku, si kunyimwa karatasi tu.

Hapo nikaelewa.

Kabla ya mtihani wangu, Mama Sittou alisafiri mpaka Nosy Be na kombe. Aliandikiwa na mwalimu wake aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, nikanywa, nikafaulu. Juzi akanisikia kwenye simu nikisema mtihani ni Jumatatu. Hakuuliza mtihani wa nani. Akasikia chai ndiyo inayotahiniwa. Basi jana usiku akainywesha chai kombe.

Ningesemaje haya mbele ya watu wanne wenye makoti? Fundi akangoja. Nikatoa neno moja. Nikasema: kombe.

Fundi akaiweka glasi chini kama imemuunguza. Rabiata alikuwa ameshafika kwenye sinki, mkono umeinama, anamwaga. Fundi akapiga kelele! Mtu ambaye haongezi sauti hata akijikwaa! Akamwambia simama, hapo kuna maneno ya Mungu, hayaendi kwenye mtaro. Rabiata akaganda, na nakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa na furaha.

Ikabidi zitoke glasi zote, moja moja, mpaka uani, zikamwagwe chini ya mwarobaini mahali pasipokanyagwa. Fundi mbele, Rabiata nyuma yake, kisha wale wengine wawili, kisha mimi na mfuko. Makoti meupe, mwendo wa pole, hakuna anayezungumza. Mlinzi akavua kofia akauliza nani amefariki.

Tuliporudi Fundi akasema hakuna haja ya kuandika kughushi, ameelewa, hata mama yake angefanya vilevile. Nikashusha pumzi. Kisha akasema: bahati nzuri kuna chupa.

Chupa gani?

Jumatano, kabla mtu hajagusa chochote, alichota majani kwenye mfuko wa kwanza akayafungia kwenye chupa ya glasi, kabatini, kwa kufuli. Humfanyia hivyo kila mwenye dawa. Kwa siku kama hizi, akasema, na akanitazama kidogo zaidi ya ilivyolazimu. Atayapima keshokutwa.

Yaani kuna chai ya Koko ambayo sijaigusa! Ile yenyewe! Ya bati! Ipo ndani ya chupa, safi, imekufa, inangoja kunishtaki!

Nyumbani Mama Sittou akauliza tumefaulu? Nikasema bado. Akasema mbona wewe ulifaulu kwa kombe lile lile.


Jumanne, 12 Septemba

Ufunguo wa kabati uko kwenye mfuko wa koti la Rabiata. Saa ya chakula koti linaning'inia kwenye msumari. Nilikuwa nimepanga: kuchukua ufunguo, kufungua kabati, kuiangusha chupa. Ajali. Chupa huanguka.

Kosa langu lilikuwa kulivaa koti. Nilidhani mtu akipita aone koti jeupe tu, asishtuke. Na lilinikaa vizuri, kwapani hasa. Ufunguo mkononi, hatua mbili kutoka kabatini, akaingia mwanamume mnene na katoni ya chupa za dawa ya kikohozi. Athoumani jina lake. Akaniita daktari. Akasema daktari, niambie tu, imepita? Nilikuwa na njia mbili: kumweleza mimi ni nani, au kuitikia kwa kichwa. Kichwa ni kifupi zaidi.

Nikaitikia.

Alinibariki mimi na wazazi wangu. Akatoka anaimba koridoni kwamba imepita.

Haikuwa imepita. Ilikuwa imeanguka vibaya kuliko zote mwaka huu. Fundi Zoubeir, mzee wa watu, alimkimbilia nje akamkamata ameshapanda pousse-pousse, kile kigari cha kuvutwa na mtu, katoni mapajani, akampa habari pale pale barabarani. Athoumani alilia. Nilimwona dirishani. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Rabiata akanikuta nimesimama na koti lake na ufunguo wake. Nilitaraji makelele. Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo, akasema mdogo wangu, ukilipenda koti ungeomba tu.

Afadhali angenizaba kofi! Sasa nimelala na hasira mbili: ya kwake, na ya kwamba alikuwa mpole.


Jumatano, 13 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu nisiruke kitu.

Fundi ana kanuni: kabla ya kufungua chupa ya akiba, mwenye dawa aarifiwe. Akanipa simu. Koko akapokea kwa Tadjiddine. Nikaona ni heri asikie kwangu. Nikaanza kusema Koko, yale majani, huenda yasi...

Akanikata. Akauliza kama nazungumzia yale niliyoyachoma juu ya bati.

Nikakaa chini. Sakafuni.

Akasema yale alimpa mbuzi. Siku ile ile nilipokwenda Hell-Ville. Na mbuzi mwenyewe aliyala kwa kujilazimisha. Akamtuma jirani kuchuma mengine, akayakausha darini kwa mikono yake, mgongo hivyo hivyo, huku mimi nazunguka mjini na wenzangu nikisherehekea. Kilichokuja Mahajanga ni hayo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mimi. Amengoja wiki tatu, akasema, na kungoja kunamuuma kuliko mgongo.

Wiki tatu! Wiki tatu nimebeba dhambi ambayo mbuzi alishaila! Nimekasirika mpaka nikalia, na Rabiata akanipa leso, na leso ilinukia vizuri, na hilo nalo likanikasirisha.

Lakini nikafikiri: haiwezekani, mimi mwenyewe niliona zambarau imekataa. Fundi akafungua chupa, akatengeneza chai, akatia matone kwenye zambarau. Ikabaki zambarau vilevile. Nikasema moyoni: mnaona? Koko anajidanganya. Fundi akazifungia zile tyubu za glasi kwenye sanduku lenye giza, akakaa kitini, akaanza kumenya njugu.

Nikauliza, sentensi nzima, mbele ya watu: kwa nini hatusomi? Rabiata akasema si nilikueleza Jumatano, ni lazima zikae nusu saa gizani, ndipo majani yamalize kazi yao. Vitamini ndiyo ina haraka. Majani hayana haraka.

Nusu saa. Mimi nilihesabu sitini mara mbili.

Sanduku lilipofunguliwa zilikuwa njano. Njano nzuri, ya ganda la limau. Mashine ikasema themanini na moja.

Kwa hiyo chai ilikuwa nzima toka mwanzo. Chai nzima ndiyo niliyoitia povu. Chai nzima ndiyo iliyomfungua kifua Bi Kouraichia. Na ya mwaka jana, nzima nayo, imeishia chini ya mwarobaini. Kitu pekee ambacho sikukigusa ndicho kilichomwokoa Koko.

Nimeelewa. Nimejifunza, kwa kweli. Kuanzia leo sina haraka na sina mipango. Nimeyapigia mstari.


Ankify. Ijumaa, 15 Septemba

Nangoja boti ya kurudi Nosy Be. Cheti ninacho. Muhuri, saini ya Fundi, kila kitu. Mahoteli watachukua.

Rabiata alinisindikiza mpaka kituoni. Ilikuwa tuagane vizuri. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwombe radhi. Akanigonga begani akasema mdogo wangu, mpe Koko pole, mwaka jana themanini na nne, mwaka huu themanini na moja, uzee nao una haki yake. Kisha akasema si kitu, tofauti ndogo hivyo hata mashine yenyewe haiwezi kuiapia, ni kama mtu kupimwa uzito na viatu au bila. Lakini pole alikuwa ameshaitoa!

Pole ya nini? Koko amekausha majani na mgongo uliovunjika! Njia nzima, Antsohihy, Ambanja, nilikuwa natazama ile namba. Moja. Inasimama peke yake kama fimbo. Rabiata ameiandika kwa kalamu ya bluu, kwa sababu mashine yao ya kuchapa imeishiwa wino. Na mimi nina kalamu ya bluu.

Moja ikiongezewa kijimstari cha mlalo na kingine kifupi huwa nne. Sikuchukua hata dakika. Imetoka vizuri. Themanini na nne! Hajashuka hata nukta!

Ndipo nikaona mstari wa chini yake. Wameandika tena kwa maneno. Kwa Kifaransa, herufi kamili: themanini na moja.

Hasira zimenishika mpaka nimesimama. Nani huandika namba mara mbili? Watu wa namna gani hawaaminiani hivyo?

Lakini hapa bandarini kuna mama anauza chai, kali, nyeusi, kwenye vikombe vya bati. Nimenunua kimoja. Nitakiweka gotini, boti itayumba, chai itamwagika juu ya maneno tu, si juu ya namba. Nimeshapima kwa kidole. Chai kumwagika kwenye cheti cha chai, nani atashangaa?

Wanaita abiria. Wewe uliyesoma mpaka hapa sasa ni mwenzangu, upende usipende. Koko asijue. Tadjiddine asijue. Na Rabiata akikuuliza, wewe hujui Kiswahili.